Chupa ya Wagtersrus

Ukumbi wa maonyesho ya mvinyo pale Cape Town ulikuwa umefurika, na Berenice Februarie alikuwa ameshakanyagwa vidole na watu asiowajua. Alivaa gauni la njano lililomkaa barabara na viatu vipya alivyokwisha kuvijutia. Kazi yake ilikuwa kuwapangia wageni likizo: walale wapi Stellenbosch, wale wapi Franschhoek, waanze na shamba gani la mizabibu ili jioni wasirudi wamebebwa. Kwa hiyo ilimbidi aonje. Alionja, akauzungusha mdomoni, akautema kwenye ndoo, akasogea meza ya pili.

"Dada, aliyeutengeneza huo amesimama nyuma yako," sauti ya kiume ilisema. "Angalau ungetema kwa huzuni kidogo."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, aproni nyeusi kiunoni, tai ya kipepeo imekwenda upande. Macho yake yalikuwa yanacheka, mdomo umetulia.

"Kila mtu hapa anatema," alisema Berenice.

"Wanatema, lakini ule mtamu ukipita wanajisahau. Wewe nimekutazama tangu mlango ule. Hujisahau hata kidogo."

"Tangu mlango ule? Huna kazi?"

"Kazi yangu ndiyo hiyo, kutazama vinywa vya watu. Nahudumia mvinyo kwenye mkahawa kule bandarini. Naitwa Mzukisi."

"Basi, Mzukisi, tai yako imepinda."

"Najua. Nilikuwa nasubiri mtu wa kuniambia."

Hapo Berenice akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume asiyemjua. Alinyoosha mkono akairudisha ile tai katikati. Wakapeana namba za simu, na kabla hajafika kwake, mtaa wa Observatory, ujumbe ulikuwa umeshaingia: "Imepinda tena. Tufanyeje?"

Wakapendana, na kwa kasi, kama watu waliochelewa. Kila Jumapili Mzukisi alikuja na chupa iliyofungwa gazeti, Berenice akatoa koesista, maandazi ya moto yaliyonyunyiziwa nazi, wakakaa kwenye kibaraza kidogo kinachotazama reli. Walikuwa na mchezo wao. Wangeujua mvinyo kwa jina la shamba wangedanganyika, kwa hiyo waliuonja kwanza gazeti likiwa bado limeufunika. Ukiwapendeza wote wawili, shamba lake linaingia kwenye safari yao. Safari hiyo ilikuwa ya fungate, ingawa mwanzoni hakuna aliyethubutu kuitaja kwa jina.

"Huu una mashavu makubwa," Mzukisi alikuwa akisema. "Unajisifu. Tuuache."

"Wewe mwenyewe unajisifu na sijakuacha."

"Mimi nina umri wa kutunzwa, mpenzi. Nikikaa kwenye kabati nazidi kuwa mtamu."

Berenice alicheka, akatema kwenye bakuli. Mzukisi aliliona hilo bakuli kuwa ni nidhamu ya kazi, akampenda nalo.

Jumapili moja akaleta mvinyo mweupe, wa zile zabibu ambazo watu wa Rasi huziita steen. Berenice aliuweka mdomoni, akauzungusha. Kulikuwa na majani makavu ndani yake, na asali, na vumbi la njia baada ya mvua ya kwanza. Kabla hajajua amefanya nini, aliumeza.

"Eeh!" Mzukisi aliruka. "Umemeza! Nimekuona!"

"Fungua gazeti," alisema Berenice taratibu.

Akafungua. Kwenye lebo kulikuwa na nyumba nyeupe yenye paa la mapindo, na jina Wagtersrus. Kwenye shingo ya chupa kulikuwa na mwaka ambao mizabibu ile ilipandwa, maana mizabibu mizee huku hutajiwa umri wake kwa fahari, kama bibi aliyefikisha miaka mia.

"Mizabibu hii ilipandwa na baba yangu," Berenice alisema.

Mzukisi aliweka glasi chini kwa mikono miwili. "Baba yako mwenyewe? Na miezi yote hii umeninyamazia? Berenice, hii ndiyo chupa bora tuliyoinywa. Yuko wapi nimshike mkono?"

"Alikufa nikiwa mdogo. Moyo."

Kupanda alipanda kweli. Moyo ulikuwa uongo. Petrus Februarie alianza kazi Wagtersrus akiwa na miaka kumi na miwili, na sehemu ya ujira wake ilikuwa kopo la mvinyo kila jioni, wa chini kabisa, ule usiouzika. Sheria ilisema desturi hiyo imekatazwa. Kwenye ile safu ya vibanda vya wafanyakazi hakuna aliyepewa habari. Petrus alinywa alichopewa mpaka ini likakataa, akafa katikati ya mavuno, na baada ya mazishi mkewe na binti yake wakapakiwa kwenye trela la trekta na vyombo vyao, kwa sababu kibanda kilikuwa cha mwenye kazi. Hakuna aliyetoka kuwaaga. Watoto wa shule ya mjini walipomtania Berenice kuwa ni mtoto wa kopo, aliapa kwamba mtu atakayempenda hatalijua hilo.

Basi Mzukisi akapenda hadithi yenye nusu moja. Akaiingiza Wagtersrus kwenye safari, tena akaiweka iwe ya kwanza. Februari, wakati wa mavuno. Akaona kwenye picha kwamba kuna vijumba vyeupe vya kulala wageni kando ya mizabibu mizee, akachagua cha tatu, kwa kuwa kilikuwa na meko.

"Basi tuiite kwa jina lake," akamwambia. "Fungate. Wazee wangu watakuja kwa mama yako kabla ya Krismasi."

Berenice alilia, akacheka, akamwita Radebe, jina la ukoo wake, jambo alilolifanya tu moyo wake ulipojaa.

"Lakini wazee wa Kixhosa hawaongei mdomo mkavu," Mzukisi aliendelea. "Kuna chupa ya kufungulia midomo. Huwa ni brandi. Mama yako ataipokea?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Berenice aliiona kabisa, akaiacha ipite.

"Mama hapendi pombe kali," alisema.

"Usiwe na wasiwasi, kipenzi. Nitafikiri kitu."

Siku ya posa mama yake, Sanna Februarie, alikuwa amefagia hadi barabara mbele ya nyumba yake ndogo ya Cloetesville. Alivaa gauni lake la kanisani la rangi ya zambarau na kofia ya sufu. Mchuzi wa kondoo na nyanya ulikuwa unatokota jikoni. Mjomba Hennie alikaa naye mezani, na Berenice, aliyefungwa kilemba na kutandwa shali, aliambiwa akae chumbani. Mwali hatoki mpaka aitwe. Mzukisi naye, kwa desturi ya kwao, alikuwa ndani ya gari kona ya mtaa, anakula kucha.

Kupitia mlango Berenice aliwasikia wazee wakiingia. Zolile, baba mkubwa wa Mzukisi, alikuwa na sauti nzito ya mtu anayesikilizwa. Wakasalimiana, wakasifia harufu ya chakula. Kisha mzee akasema:

"Mama, tumekuja kuchuma ua. Kijana wetu amekataa tulete brandi, alisema nyumba hii ina heshima yake. Amechagua mwenyewe kitu kitakachokugusa."

Kikasikika kishindo kidogo cha chupa juu ya meza.

"Iondoeni hiyo," alisema Mama Sanna.

"Mama, hii ni heshima. Ni ya kufungulia midomo."

"Nyumba hiyo kwenye lebo naijua. Nimepiga deki sakafu zake. Kinywaji chao kilifungua mdomo wa mume wangu kila jioni tangu akiwa mtoto mpaka nilipoufumba mwenyewe kwa mkono wangu huu. Wa kwangu hakitaufungua. Iondoeni!"

"Sanna, wageni hawajui," mjomba Hennie alinong'ona.

"Na aliyewatuma? Naye hajui? Binti yangu hakumwambia?"

Berenice alikuwa ameshika kitasa. Akilini mwake alishatoka, alishapiga magoti, alishasema kosa ni langu. Lakini mkono haukugeuka. Akasikia kiti kikisogezwa na fimbo ya mzee ikigonga sakafu.

"Basi sisi tumefungiwa," alisema Baba mkubwa Zolile, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tusamehe kwa usumbufu, mama."

Mlango wa mbele ukafungwa. Berenice alibaki na shali lake kichwani. Hakuna aliyemwita.

Mzukisi alipiga simu jioni ile.

"Kipenzi..." Berenice alianza.

"Usiniite hivyo kwanza. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Baba mkubwa ana miaka themanini, Berenice. Ameposa nchi nzima, hajawahi kutolewa na chupa yake mkononi. Na chupa niliichagua mimi! Niliizunguka Cape Town nzima kutafuta ile ya mwaka mzuri. Unajua nilivyokuwa nikitembea? Kama mwendawazimu, nacheka peke yangu."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mimi mama yangu aliuza vichwa vya kondoo barabarani Gugulethu, nikakuambia siku ya kwanza. Jumapili zote zile unatema mbele yangu, mimi nafanya mzaha. Ulinifanya nimcheke baba yako kaburini."

"Hukujua."

"Ndiyo nakwambia! Sikujua!"

Akakata. Berenice alipiga tena, akapiga kesho yake. Krismasi ikapita kavu. Mwaka mpya ukaingia kwa fataki na mikate ya wengine. Mpaka siku moja Mama Sanna, akiwa anamenya viazi, akasema bila kuinua kichwa: "Waambie warudi. Nitawapokea. Lakini kijana aache kazi ya chupa. Sitampa mtoto wangu mtu anayemimina."

"Mama, ndiyo kazi anayoipenda."

"Hata baba yako aliipenda mizabibu ile," mama alijibu, akaendelea kumenya.

Nafasi yao ya Wagtersrus Berenice hakuifuta. Siku ilipofika alivaa lile gauni la njano, lililokuwa limempwaya sasa, akaendesha gari hadi shambani. Wavunaji walikuwa kwenye mistari, wakiimba na kutukanana kwa furaha. Chini ya mwaloni aliliona gari bovu la Mzukisi, akaegesha kando yake.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kijumba cha tatu. Amekonda. Hakuwa na tai.

"Nilijua hutakuja," alisema.

"Mimi nilijua wewe hutakuja."

"Tumeshindwa wote."

Hawakucheka sana. Berenice alitazama ndani: pazia jeupe, kitanda kipana chenye mito mingi, maua mezani. Akayaona meko.

"Hiki ndicho kilikuwa kibanda chetu. Hapa mama alikuwa anapika," alisema. "Pale palipo kitanda tulilala wote. Na msumari huu hapa mlangoni, wameupaka rangi tu, kopo la baba lilikuwa linaning'inia hapa. Nilitumwa mimi kulipeleka likajazwe, Mzukisi. Nilikuwa nalirudisha polepole lisimwagike, ili anisifu."

Mzukisi alifunika uso kwa viganja. "Ungeniambia," alisema. "Ningekunywa maji maisha yangu yote."

"Hapana. Nisikudanganye tena. Mama amesema wazee wako warudi. Atawapokea ukiacha kazi."

Mzukisi aliwatazama wavunaji. "Kuna hoteli Johannesburg wamenipa mvinyo wao wote niusimamie. Naondoka mwisho wa mwezi. Nilikuja kukuambia twende wote. Bila wazee, bila chupa. Tuondoke tu."

"Nami nimwache mama mlangoni?" Berenice alimshika shavu. "Tuliondoka hapa juu ya trela na hakuna aliyetuaga. Mama aligeuza shingo mpaka kona ya mwisho, akitafuta hata mtu mmoja wa kupunga mkono. Siwezi kumfanyia hivyo, mpenzi. Na wewe siwezi kukutoa kwenye kitu kinachokufanya ung'are vile. Nimekutazama unavyoumimina mvinyo."

"Kazi nyingine siijui ninayoipenda."

"Ndiyo maana sitakuomba."

Machozi yalimshuka Mzukisi waziwazi. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya steen ambayo shamba huwawekea wageni, akashika njia hadi kwenye mizabibu mizee, mifupi, iliyopindapinda. Berenice akamfuata. Mzukisi alikuwa ameshaing'oa kizibo.

"Kwetu hatuondoki hivihivi," alisema. "Lazima nimmiminie mzee."

"Usimpe hiyo." Berenice alimshika mkono. "Alishapewa ya kutosha. Mpe maji."

Mzukisi aliitazama chupa, akaiweka chini kwenye vumbi. Akarudi kijumbani, akaleta jagi la maji. Akapiga goti kwenye shina la mzabibu, akamimina kidogo kidogo kwa ule ustadi wake wa mkahawani, hata tone halikuruka.

"Baba Februarie," alisema, "mimi ni Mzukisi, Radebe. Nilikuja kumwomba binti yako nikakosea chupa. Kunywa, baba. Haya hayana deni."

Berenice alilia kwa sauti, mpaka wavunaji wa mstari wa jirani wakaacha kuimba. Mwanamke mmoja mzee mwenye kitambaa chekundu alimtazama kwa makini, akamtazama tena, kama anayetafuta jina. Hakulipata, akarudi kwenye kazi yake.

Waliagana chini ya mwaloni. Mzukisi aliwasha gari, likakohoa, likakubali. Berenice alisimama katikati ya njia na gauni lake la njano, akainua mkono, akaupunga, akaendelea kuupunga hadi gari lilipopita kona ya mwisho na vumbi lake likatulia.