Buti Zangu Kwenye Farasi Mtupu

Nilikuwa nimetumwa barafu. Mifuko miwili tu, jua likielekea kuzama, joto la Texas la mwezi wa sita, lile ambalo ukiweka yai kwenye boneti ya gari anatoka kifaranga ameshaiva. Kaka yangu Harlan alikuwa amepiga simu mchana: "Royce, mlete Lorna na mtoto ranchini leo. Chakula juu yangu. Pitia barafu."

Chakula juu yake! Harlan! Mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambukiza mwenzake hata mafua bure.

Nikafurahi. Ndiyo kosa langu.

Niwaambie mapema, mimi siogopi kitu. Nimewahi kumkodolea macho nyoka mwenye njuga mkiani mpaka akaona aibu, akaondoka. Shule niliacha darasa la saba kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha. Yeye anasimulia vingine, achana naye. Lakini jioni ile... ngoja kwanza.

Nilienda nimevaa raba. Mimi, ambaye ukoo wetu umechunga ng'ombe tangu ng'ombe hawajaota pembe, nimevaa raba! Buti zangu zilipotea kibarazani wiki mbili kabla. Nikamsingizia mbwa wetu, Biskuti, nikamfunga nje siku tatu.

"Mbwa gani anakula buti mbili asibakize hata kisigino?" Lorna mke wangu aliniuliza.

"Mbwa mwenye njaa," nikamjibu.

Ranchi yenyewe ni ile ya kutembelewa na familia na watalii: mikokoteni yenye maturubai meupe, polisi wa kuigiza mwenye bastola ya kuigiza, mabenchi marefu, sahani za bati. Harlan anapiga fidla kwenye bendi yao. Wako watatu: yeye, wa gitaa na wa besi.

Kile chuma cha kuitia watu chakula kikagongwa. Ting! Ting! Ting! Tukapanga foleni. Kidari cha ng'ombe kilichokaa kwenye moshi tangu alfajiri, maharage, mkate wa mahindi, pai ya pichi. Nilikula mpaka mkanda ukaanza kuniomba talaka.

Harlan alikuja mezani kutusalimia. Hakugusa chakula. Hakunitazama usoni.

"Kaka, umekonda," nikamtania. "Siku hizi fidla ndiyo inakupiga wewe?"

"Kula, mdogo wangu," akasema. "Kula ushibe."

Alisema kama mtu anayeaga mgonjwa. Akarudi jukwaani.

Binti yangu Josie, miaka saba, akanivuta shati. "Baba, yule babu mbona hana gitaa?"

"Babu yupi?"

"Yule wa nne."

Nikatazama jukwaani. Watu watatu. Nikapepesa macho.

Wanne.

Mzee mrefu, koti jeusi mpaka magotini katika joto lile, na hata tone la jasho hana. Kofia kaishusha mpaka puani. Ndipo harufu ikanifikia... harufu ya manyoya yanayoungua, ile ya chuma cha moto cha kutia chapa kikigusa ubavu wa ndama. Na ranchi ile haina ndama hata mmoja.

Muziki ukanyamaza. Ulikuwa wakati wa farasi mtupu. Kila mtu kwetu anaujua: farasi anapitishwa na tandiko lisilo na mtu, buti zimetiwa kwenye vikuku vya kukanyagia, ncha zake zikitazama nyuma. Ni heshima kwa mwenzetu aliyekufa. Wanaume wanavua kofia, kila mtu anainamisha kichwa. Siku zote mimi hulia kidogo, halafu naenda kuongeza pai.

Farasi mweusi akatokea. Hakuna aliyemshika hatamu.

Kwata... kwata... kwata...

Akasimama mbele yangu.

Nikaziona buti. Ya kushoto ina kiraka, nilikishona mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwenye kisigino kuna nyota ya rangi ya kucha, Josie aliipaka siku yangu ya kuzaliwa.

Buti zangu.

Maskini Biskuti.

Nikageuka kwa Lorna. Kainamisha kichwa, uma mkononi, hapepesi. Ranchi nzima vivyo hivyo, kama watu wa kwenye picha. Tuliokuwa tunapumua ni mimi, Josie na Harlan, aliyekuwa anashuka jukwaani huku kaikumbatia fidla kama mtoto mchanga.

"Mwaka jana farasi huyu alisimama mbele yangu, Royce," akanong'ona. "Nikamwomba yule mzee aniongeze mwaka mmoja. Mzee akasema, basi lete wa damu yako."

"Ukaniibia buti."

"Wewe una maneno mengi. Nilidhani labda... labda utamshinda kwa maneno."

"Na barafu nimenunua kwa hela yangu, Harlan!"

Ndicho kilichonitoka. Ndugu yako wa tumbo moja anakuuza, wewe unalilia barafu.

Mzee akashuka. Majani hayakulala chini ya miguu yake. Alisimama hatua kumi kutoka kwangu, lakini sauti ilikuwa ndani ya sikio langu.

"Hizi za nani?"

"Za baba!" Josie akasema kwa furaha. "Nyota niliipaka mimi!"

Nimedanganya maisha yangu yote kwa kujifurahisha. Siku ile nilidanganya kwa kazi.

"Mtoto amesahau," nikasema. "Nilishampa kaka yangu. Muulize, leo zimekuja hapa na nani?"

Mzee akageuza kofia taratibu kuelekea kwa Harlan.

Harlan hakubisha. Alinitazama usoni mara ya kwanza jioni ile.

"Royce," akasema.

Jina tu.

Kisha makelele ya watu yakarudi kwa mpigo. Kofia zikavaliwa, watoto wakalia, Lorna akauliza mbona sijamaliza pai. Jukwaani walikuwa wawili. Fidla ilikuwa juu ya kiti, uzi wake mmoja bado unatetemeka. Nilipouliza habari za farasi, yule polisi wa kuigiza akanishangaa: "Farasi mweusi? Wetu wote ni wekundu, bwana."

Nyumbani nilizikuta buti kibarazani. Ncha zake zilielekea mlangoni. Nilizichoma usiku uleule.

Miaka mitatu sasa. Mama yetu namwambia Harlan alitoroka na mwimbaji wa kike. Biskuti alikufa majira ya baridi, nikamwomba msamaha kaburini kabisa.

Jana ikaja barua. Mwandiko wa Harlan, ule unaolalia kushoto: *Mlete Lorna na mtoto. Chakula juu yangu. Pitia barafu.*

Nikacheka kwa nguvu ili nisikie sauti yangu. Nikaichoma.

Asubuhi hii Josie kaja jikoni miguu mitupu. "Baba, umeziona buti zangu nyekundu? Jana nilizivulia kibarazani."

Nikafungua mdomo nimsingizie mbwa.

Hatuna mbwa.