Ignas Aliyekaa Kwenye Kibodi

Jogoo ndiye aliyeanza. Alichomoka kwenye tenga nje ya Soko Kuu la Singida, akaruka juu ya madumu ya mafuta ya alizeti, akatua kwenye meza ya Calist, fundi simu, katikati ya skrubu alizokuwa amezipanga kwenye kifuniko cha chupa. Skrubu zikamwagika. Upepo wa Singida, usiomwonea mtu huruma, ukabeba na karatasi za majina ya wateja.

"Mshike! Mshike mguu, siyo mkia!" sauti ya mwanamke ilipaa.

Calist alishika mkia. Akabaki na manyoya matatu mkononi.

Mwanamke akafika mbio. Alivaa gauni la kitenge cha njano, juu yake sweta la kiume la kijivu, chini raba zilizojaa vumbi. Alimdaka yule jogoo kwa mkono mmoja, kama mtu anayechukua mwavuli wake mlangoni.

"Pole, fundi. Ila na wewe una mkono mzito."

"Mimi nashika simu, sishiki kuku. Umenimwagia skrubu za simu nne."

"Nitaokota. Usininunie."

Akapiga magoti, akaziokota moja moja. Alikuwa anaitwa Aneth, mtu wa Misigiri. Kazi yake ilikuwa kununua kuku wa kienyeji vijijini Iramba na kuwapakia kwenye mabasi ya Dodoma. Alipomaliza kuokota aliona simu ya Calist, kamera yake ya mbele imebandikwa plasta.

"Hiyo simu imejikata?"

"Nazuia wanaochungulia."

"Nani akuchungulie wewe?" Aneth akamwangalia kuanzia shati la bluu lililopigwa pasi hadi kandambili. "Ingawa si mbaya."

Calist alikuwa na miaka thelathini na mbili na sifa moja mjini: haamini kitu. Haamini simu, haamini matangazo, haamini mteja anayesema simu imeangukia maji ya kunywa. Lakini siku ile alimwamini mwanamke aliyenuka kuku, akampa namba yake bila kuombwa.

Miezi minane walipendana, kwa sehemu kubwa kwenye simu.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Nakusanya kuku huku Kinampanda."

"Uko na nani?"

"Niko na kuku arobaini."

"Wote majike?"

"Calist! Na jogoo wawili. Nikupe uongee nao?"

Alicheka, naye akacheka, lakini swali lile la "uko na nani" halikuwa utani wote. Aneth alilijua hilo. Alinyamaza kwa sababu alimpenda.

Akisubiri mabasi, Aneth alikuwa na mchezo wake kwenye simu, unaitwa Kijiji cha Kuku. Unafuga vifaranga vya kwenye kioo, unawalisha, unapiga soga na wafugaji wengine usiowajua. Humo alijiita Mama Vifaranga. Mchezo ukampa zawadi ya kibodi ya kuandikia, yenye vifaranga vinavyocheza kila ukibonyeza herufi. Aliipenda sana.

Siku moja wamekaa kwenye mawe kando ya Ziwa Singidani wanakula mahindi ya kuchoma, simu ya Aneth ikaita. Mikono ilikuwa na chumvi, akaweka spika.

"Mama Vifaranga wa Misigiri! Umenisahau mtu wako?" sauti ya mwanamume ikasema.

"Nani mwenzangu?"

"Mtu wako wa siku nyingi. Kuna namba zinaingia kwako kwa ujumbe sasa hivi, nisomee mama."

Aneth akakata. Calist aliacha kutafuna.

"Mtu wako?"

"Tapeli huyo. Hujasikia anataka nimsomee namba?"

"Nimesikia. Tapeli amelijua vipi jina la Mama Vifaranga? Amejuaje Misigiri?"

"Sijui, Calist. Ningejua ningekwambia."

Siku tatu zilipita, Calist akijibu simu kwa neno moja moja. Siku ya nne kampuni ya mchezo ikatuma taarifa kwa wachezaji wote. Ilikuwa ya Kiingereza, Calist akamsomea: wezi wameingia kwenye mitambo ya kampuni, wameondoka na majina ya wachezaji, namba zao za simu, mahali wanapoishi na soga walizopiga. Kampuni inasikitika.

"Umeona?" Aneth alisema. "Sema pole."

"Pole. Lete simu."

Alifuta mchezo. Akafuta na kibodi ya vifaranga. "Kila ulichoandika kilipita humu. Meseji ulizonitumia, siri za mama yako, kila kitu. Na hii kibodi ilikuwa na ruhusa ya intaneti." Akamwekea nyingine, ya kijivu, isiyo na mapambo. "Hii ni programu huria. Walioiandika wameweka kazi yao hadharani, mtu yeyote mwenye ujuzi anaikagua. Haina ruhusa ya mtandao kabisa. Hata ikitaka kukusengenya, haina mdomo."

"Mbaya kama sare za jela," Aneth alisema. Kesho yake akapiga simu. "Mpenzi, kibodi yako haijui Kiswahili. Kila neno inalipigia mstari mwekundu, utadhani mimi ndiye nimekosea."

"Ilete. Niachie siku mbili."

Siku mbili baadaye kibodi ilijua Kiswahili kizuri kuliko cha Calist mwenyewe. Aneth hakuuliza kimetoka wapi. Wateja wengine nao waliipenda, hawakuuliza.

Wakapanga barua ya posa. Baba mdogo wa Calist angekuwa mshenga, angeipeleka Misigiri Jumamosi kwa Mzee Ezekieli, baba yake Aneth.

Jumatano ya wiki hiyo Aneth alikuwa kwenye kibanda cha Calist anafunga matenga kwa kamba, mikono imechafuka hadi viwiko.

"Niandikie shangazi ujumbe kwa simu yangu. Mwambie: Shangazi, mume wangu analeta barua Jumamosi."

Calist akatabasamu peke yake kwa hilo neno. Akaandika: Shangazi, mume wangu. Juu ya herufi yakatokea maneno matatu ya kuchagua. La katikati lilikuwa Ignas.

Akafuta. Akaandika upya. Ignas. Akajaribu "nimekukumbuka". Ignas. Akajaribu "lala salama". Ignas wangu.

"Umemaliza?" Aneth aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ignas ni nani?"

"Ignas gani?"

"Nakuuliza wewe."

"Kuna mzee Ignas wa Kiomboi anauza mashudu ya kulishia kuku. Hana jino hata moja. Kwa nini?"

Calist akamwonyesha kioo. Aneth akasoma, akakunja uso.

"Mimi sijaandika hivyo. Wewe unajua mimi meseji za mapenzi natuma kwa sauti."

"Kibodi hii haina mtandao, Aneth. Hakuna anayeiambia kitu. Inajifunza kwa vidole vya mwenye simu, basi. Nimeiweka mwenyewe."

"Kwa hiyo unaamini kibodi kuliko mimi."

"Kibodi haina sababu ya kudanganya."

Aneth aliachia kamba. Kuku mmoja akatoa kichwa kwenye tenga, hakuna aliyemjali.

"Yule tapeli nilikwambia simjui, ukanyamaza kama umeamini. Hukuamini. Ulisubiri kampuni ya Wazungu ikuthibitishie. Sasa nimtafute nani mwingine wa kuniandikia cheti? Na simu yangu ilikaa kwako siku mbili, nijue vipi ulichofanya humo?"

"Usigeuze maneno."

"Nipe simu yangu."

Akaichukua kwa mikono ileile michafu, akabeba matenga yake, akaondoka.

Jumamosi, Mzee Ezekieli alivaa koti. Mabenchi yaliazimwa kanisani. Shangazi walikuwa jikoni tangu asubuhi na kuku sita walikuwa wamechinjwa. Walisubiri mpaka wali ukapoa. Calist alikuwa amemwambia baba mdogo asiende, na hakuna aliyepeleka habari Misigiri. Aneth alivua gauni lake jipya la rangi ya zambarau, akavaa khanga, akaenda kuhesabu kuku wake. Hakulia mbele za watu. Alizuia namba ya Calist.

Siku kumi baadaye Rahimu, muuza vitambaa wa duka la pili, alikuja kibandani amevaa kanzu safi na hasira.

"Fundi, umeniwekea nini kwenye simu?"

"Kibodi. Kwani imegoma?"

"Ingegoma ningeshukuru. Mke wangu kachukua simu yangu amwandikie dada yake. Kaandika 'mume wangu', simu ikamwambia Ignas! Sasa analala kwa mama yake. Anasema kuna mwanamke wa nje anayeandikia simu yangu, na huyo Ignas ni mume wake. Mimi namjua Ignas wapi, Calist?"

Calist aliketi.

Alikumbuka kila kitu. Mwalimu Janeth, mteja wake wa miaka miwili, alikuwa anatumia kibodi ile ile. Aliifundisha Kiswahili safi kwa kuandika kila siku. Simu yake ilipoletwa kubadilishwa kioo, Calist alinakili faili la maneno ambayo kibodi ilijifunza, akalipandikiza kwa Aneth. Kisha kwa Rahimu. Kisha kwa wateja wengine tisa. Hakuiba meseji wala picha. Aliona ni maneno tu.

Akaomba simu ya Rahimu, akampigia Aneth.

"Haloo?"

"Usikate. Ni Calist."

"Hii namba ya nani?"

"Ya Rahimu, muuza vitambaa. Naye ana Ignas."

"Ana nini?"

Akamweleza yote bila kujipamba. Upande wa pili zilisikika sauti za kuku.

"Kwa hiyo kampuni ya mchezo ilivujisha, na wewe ukavujisha," Aneth alisema.

"Wao waliibiwa. Mimi niliiba mwenyewe."

"Na wao walau walitutumia taarifa. Wewe umempa nani taarifa?"

"Wewe wa kwanza. Nisamehe, Aneth."

"Mimi siyo wa kwanza. Nenda kwa mwenye maneno yake. Ukitoka huko ndiyo uongee na mimi." Akakata.

Mwalimu Janeth alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari, miwani puani, khanga mabegani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Calist. Mbona umekuja? Simu yangu nzima."

"Mbovu ni mimi, mwalimu."

Alisema. Alipofika kwenye jina la Ignas, kalamu ya mwalimu ikasimama. Ignas alikuwa mumewe. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Kila siku akitoka shule mwalimu alikuwa anamwandikia kwenye namba yake ya zamani, namba ambayo haipo tena hewani, akimweleza habari za watoto na za shamba.

"Ulisoma nilichomwandikia?"

"Hapana. Meseji sikugusa. Faili lina maneno tu."

"Maneno tu." Mwalimu alivua miwani. "Nimefundisha watoto kusoma miaka ishirini na sita. Sijawahi kukutana na kitu kinachoitwa maneno tu. Umemchukua mume wangu ukamgawa sokoni kama sampuli ya sabuni."

Mwalimu akafunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Zunguka simu zote. Futa. Kila mtu umwambie ulichofanya wewe, na jina langu usilitaje. Ukimaliza usije kuniuliza kama nimekusamehe. Nitaona mwenyewe."

Alizunguka. Mke wa Rahimu alirudi nyumbani baada ya Calist kusimama mbele ya mama mkwe na kujieleza. Wengine walimtukana. Wawili walichukua simu zao wakahamia kwa fundi mwingine, na walikuwa na haki. Ikabaki simu moja.

Alishuka Misigiri saa nne asubuhi, shati la bluu, viatu vya kufunga kamba. Alipita kwanza kwa Mzee Ezekieli, akaamkia, akasimama bila kukaa, akaomba radhi kwa ajili ya ile Jumamosi. Mzee alimwangalia sana.

"Kuku sita," alisema. "Yuko bandani."

Aneth alikuwa amevaa lile sweta la kijivu. Alimtazama Calist, akatoa simu mfukoni, akamnyooshea.

"Haya, futa."

Calist akarudisha mikono nyuma. "Siigusi. Fanya mwenyewe, nitakuelekeza."

"Unaogopa utamkuta mwingine?"

"Hata nikimkuta, nitakuuliza. Na ukinijibu, basi."

Aneth akabonyeza alipoambiwa abonyeze. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Alisita kidogo.

"Maskini Ignas," alisema kwa sauti ndogo. "Alipendwa." Akafuta.

Kisha akafungua ujumbe mpya, akaandika: Shangazi, mume wangu. Juu ya herufi hapakutokea neno lolote. Akamwangalia Calist kwa jicho la pembeni, akaandika herufi moja moja: Calist. Kibodi ikalipigia nalo mstari mwekundu, kama maneno mengine yote.

"Haikujui," Aneth alisema.

"Haijui kitu chochote sasa. Itabidi uifundishe."

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea utaliandika mara ngapi."

Aneth aliandika tena. Mstari mwekundu. Akaandika mara ya tatu, akatia simu mfukoni, akafungua mlango wa banda.

"Baba mdogo wako aje na barua Jumamosi. Baba anataka kuku sita wake, na atakayewakamata ni wewe." Akamsukuma ndani. "Mguu, Calist. Siyo mkia."