Hewa ya Leo

"Mgeni hajanawa mikono."

Sauti ilimjia kupitia redio yake aina ya Kwale, kidude kidogo kama punje ya mahindi kilichojificha ndani ya sikio. Gundi, fundi wa milango, alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa karakana, kisu mkononi, akibandua mpira wa kuzibia hewa uliochakaa. Hakuinua kichwa.

"Rudia."

"Mgeni hajanawa mikono. Na anaelekea jikoni."

Akachomeka kisu mkandani na kusimama.

Kwa msikilizaji mwingine hayo yangekuwa maneno ya mama mkali wa nyumba. Kwa Gundi yalikuwa amri. Mtu ameshuka kutoka meli ya Kampuni na kitu ambacho hakikupitishwa chumba cha kusafishia. Na jikoni ni ukumbi wa matangi.

Kwenye sayari hii ukitoka nje bila kofia ya kioo unakata roho kabla hujamaliza kujuta. Ndani ya makazi watu wanapumua kwa hisani ya mwani, ule uchafu wa kijani unaoelea kwenye matangi na kutoa hewa mchana kutwa. Mwani ukifa, makazi yamekwisha.

Kampuni ingeshangilia. Ndiyo iliyoleta wafanyakazi kuchimba barafu. Wafanyakazi wakazaa, watoto wakakua, wakaanza kusema barafu ni yao na nyumba ni zao. Tangu hapo Kampuni inatafuta njia ya kuwang'oa. Safari hii meli yake ilishusha shehena, halafu ikabaki angani wala haionyeshi dalili ya kuondoka.

"Amebeba nini, Mjomba?"

Mjomba, mkuu wa usalama, hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Jina lilimganda kwa tabia yake ya kuwaamulia watu mambo yao.

"Kuvu, kwenye chupa. Tone moja linamaliza tangi zima."

"Anafananaje?"

"Ovaroli ya buluu. Barakoa ya vumbi."

"Kila mtu humu ana ovaroli ya buluu na barakoa ya vumbi."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Gundi alikata kona bila kukimbia. Fundi wa milango hakimbii. Kiunoni ilining'inia Gandamo 40, bastola ya gundi yenye mtutu mfupi. Povu lake huvimba na kukauka kufumba na kufumbua, na hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi mmoja anaipenda kiasi cha kulala nayo. Hata mama yake hakujua. Kwa mama, yeye alikuwa binti aliyekataa shule akaishia kubandika mipira.

Na mama, msimamizi wa matangi, alikuwa zamu.

Kwenye korido ya kuelekea ukumbini foleni ya zamu mpya ilikuwa ikisogea. Gundi akajitia kukagua mpira wa mlango wa kati. Kila aliyepita alimsalimu. Huku watu hawaulizani habari, wanaulizana hewa.

"Hewa?" akamwambia mfua nguo.

"Ya leo ipo."

"Hewa?" akamwambia mpishi, aliyebeba sufuria ya uji wa zamu na upawa ndani yake.

"Ya leo ipo. Na wewe utaolewa lini, au unangoja mlango ukuchumbie?"

"Nautaka wa chuma, shemeji. Usiochonga mdomo."

Foleni ikaangua kicheko. Mwanamume aliyemfuata mpishi naye akacheka, palepale panapotakiwa. Mrefu, mabega mapana, macho ya upole juu ya barakoa.

"Hewa?"

"Ipo tele, dada."

Tele.

Gundi alitabasamu kama hakusikia kitu. Huku hakuna mtu anayesema zaidi ya hewa ya leo. Ya kesho haitajwi, hiyo ni kujitia nuksi. Na tele? Watu waliozaliwa wakihesabiwa pumzi wangelitoa wapi neno hilo? Walimfundisha jamaa kila kitu: lafudhi, utani, hata kile kikohozi kidogo cha watu waliokulia vumbini. Uhaba hawakumfundisha.

Akashusha kutoka kichwani miwani yake ya Popo, ile inayoona joto. Kwenye vioo miili ya watu iliwaka rangi ya chungwa kwa joto. Wa yule mwanamume pia, isipokuwa chini ya kwapa la kushoto. Pale palikuwa na kipande cheusi, kirefu, cha baridi kali.

Chupa.

"Kaka, hebu simama. Mkanda wa barakoa yako umelegea."

Mwanamume akamtazama. Akaiona miwani. Wakaelewana bila neno.

Mguu niponye!

Alimpiga mpishi kikumbo, uji ukamwagika sakafuni. Gundi akauruka na kumfuata. Mbele yao mlango wa ukumbi ulikuwa umefunguliwa kupokea zamu. Mwanamume aligeuka akiwa mbioni, na mkononi mwake mling'aa kitu ambacho watu wengi pale walikuwa hawajawahi kukiona kwa macho.

Bastola. Ya risasi.

Paaa!

Risasi ikapita karibu na sikio la Gundi na kutoboa ukuta. Hewa ikaanza kutoka kwa mluzi mwembamba. Watoto wa makazi hufundishwa kuuogopa mluzi huo kabla hawajafundishwa kutembea.

"Risasi?" mpishi alipiga kelele, uji ukimchuruzika kifuani. "Ndani ya nyumba? We mwendawazimu, unapiga risasi ndani ya nyumba ya watu?"

Gundi alisimama. Mwanamume alikuwa anatokomea mlangoni. Tundu lilikuwa linapiga mluzi.

"Anakuacha!" Mjomba alifoka sikioni.

"Namwona."

"Mbona umesimama?"

"Naziba tundu, Mjomba. Au unataka nimkamate kwanza, watu wapumue baadaye?"

"Ziba."

Gandamo ikakohoa mara mbili. Povu likavimba, likakauka, mluzi ukafa. Taa ndogo kwenye kitako cha bastola ikawa nyekundu. Imebaki gundi ya pigo moja.

Alikimbia sasa. Habari za ufundi wa milango zilikuwa zimekwisha.

Ukumbi ulikuwa na unyevu, kijani kila upande. Katikati lilikaa tangi mama, lile linalolisha mengine yote. Na juu ya mfuniko wake alikaa mama yake mzazi.

Amekaa kabisa. Mikono kifuani, viatu vikining'inia.

"Shuka," alisema mwanamume. Mkono mmoja ulikuwa na bastola, imemwelekea mama. Mwingine ulikuwa na chupa, kizibo kimeshang'olewa kwa meno.

"Nimechoka," alijibu mama. "Nimekaa."

"Mama, sikutakii ubaya. Mtafia hapa, mmoja mmoja. Kule juu kuna hewa safi. Nimekuja kuwaokoa."

"Nani alikutuma? Mimi sikukuita."

"Shuka nisije nikakupiga!"

Gundi alikuwa na pigo moja. Akiigandisha bastola, jamaa ataimwaga chupa kwenye mfereji wa miguuni, na mfereji unaingia tangini. Akiigandisha chupa, kidole kile kitavuta, na mama yupo mbele ya mtutu. Alijua sheria ya kazi yake. Alijua pia harufu ya khanga ya mama yake, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii aliogopa.

Mama akamwona mlangoni, Gandamo mkononi. Akaelewa yote kwa mkupuo, kama akina mama wanavyoelewa.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Angalia kazi."

Gundi akafyatua.

Povu likaufunika mkono wa chupa hadi kiwiko. Likavimba, likakauka. Vidole, chupa, kuvu, vyote vikawa donge moja. Uzito ukamvuta jamaa upande, mtutu ukayumba. Akauinua tena. Gundi akamrushia Gandamo tupu na kumpata juu ya kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka chini bila kulia.

Kabla hajainama, mpishi alishafika na upawa wake. Nyuma yake mfua nguo, nyuma yake zamu nzima. Hawakumpiga sana. Walimkalia.

Mama aliteremka taratibu. Alitembea hadi kwa binti yake, akasimama mbele yake.

"Kumbe."

"Mama, nitakueleza."

"Miaka yote nawaambia watu mwanangu anabandika mipira."

"Nabandika kweli."

"Nyamaza." Mama alimvuta, akamkumbatia. Gundi alikuwa amechagua chupa, na wote wawili walijua.

"Ungenichagua mimi," mama alimnong'oneza, "ningekuchapa."

Redio ikakoroma mfukoni mwa mwanamume. Gundi aliichomoa.

"Mwokozi, thibitisha. Tangi limeguswa?"

"Halijaguswa," alisema Gundi.

"Nani anaongea?"

"Fundi wa milango. Mtu wenu tunaye, mzima, ila ana mkono mmoja mzito. Mnamtaka?"

Redio ilinguruma tupu. Chini ya watu waliomkalia, mwanamume aliacha kuhangaika. Macho yake ya upole yakawa ya mtu aliyefungiwa mlango akiwa nje.

Hatimaye mwenye sauti ile, nahodha wa meli, akarudi hewani kwa ukavu. "Sikilizeni vizuri. Meli hii ikiondoka, hairudi. Hakuna dawa tena, hakuna vipuri. Mtakuwa peke yenu. Waambie wakazi wafikirie."

Gundi akaipandisha sauti ya redio, akaigeuzia watu. Nahodha akarudia, neno kwa neno, polepole. Ukumbi ukasikiliza. Mfua nguo alikuwa na mtoto anayetumia dawa. Fundi wa pampu alitazama pampu yake iliyofungwa kwa waya. Hakuna aliyejifanya hakuogopa.

Mpishi alijipangusa uji kidevuni.

"Muulize," alisema, "bado anasubiri nini."

Kicheko kilianzia pembeni, kikaenea, kikawa makofi ya viganja vinene kwenye kuta za matangi.

Gundi akabonyeza kitufe. "Nahodha, umewasikia wenyewe."

Akazima redio na kumtupia mpishi. Mama alikuwa ameinama kwa yule mwanamume, akilikagua lile donge la mkono kama daktari.

"Hii itatoka kwa maji moto," alimwambia. "Inuka. Utabaki nasi, sasa utafanyaje."

Gundi akaokota Gandamo, akaipuliza vumbi na kuichomeka kiunoni. Akapita katikati ya makofi bila kugeuka, kuomba gundi nyingine stoo.