Ray wa Mtaa wa Reli Kaijuaje Siri ya Mume Wangu?

"Mwulizeni Hudak kwa nini siku hizi anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto."

Niliposikia maneno hayo kwenye redio ya gari, mguu wangu uliganda kwenye breki. Gari la nyuma likapiga honi. Sikusogea.

Jamani... Hudak ni mume wangu.

Na habari ya vifungo ilikuwa inajulikana ndani ya nyumba yetu tu.

Mtangazaji Buzz akacheka. "Ray wa Mtaa wa Reli, wewe umeyajuaje hayo?"

"Najua tu," sauti nzito yenye mikwaruzo ikajibu. "Mkono wake wa kulia umeisha. Mwondoeni kabla ya Jumamosi."

Simu ikakatwa. Likaingia tangazo la matairi.

Nilibaki pale pale njiani. Kuna mtu anatuuza, nikajiambia. Na mtu huyo ameingia chumbani kwangu.

Niwaeleze kidogo, msije mkanipotea.

Mume wangu Denny ni kotabeki wa Nyundo, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu wa Brannock, hapa Ohio. Kotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza, aamue amrushie nani, huku majitu ya timu pinzani yanamkimbilia yamlaze chini. Timu ikishinda, halipii kahawa popote. Timu ikifungwa, hata kinyozi anamnyoa amenuna.

Msimu huu tulikuwa tunafungwa tu. Mipira ilimponyoka. Mwenzake yuko kulia, mpira unakwenda kwa adui.

Mji ukagawanyika. Kanisani, saluni, kwenye foleni ya nyama, swali lilikuwa moja: Hudak abaki, au akae benchi, na yule dogo wa akiba, Pruitt, aingie?

Na uwanja mkubwa wa vita ulikuwa kipindi cha Buzz, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Watu walipiga simu wakasema walivyotaka.

"Huyo anashika mpira kama kambare."

"Bibi yangu anarusha vizuri kuliko yeye, na bibi yangu tulishamzika."

"Mpeni muda, nyie. Mmesahau msimu wa juzi aliwapeleka fainali?"

Huyu wa mwisho alijiita Stan wa Ng'ambo ya Mto. Hakukosa hata kipindi kimoja kumtetea mume wangu, hasa dhidi ya huyo Ray, aliyemponda msimu mzima. Nilikuwa nasimuliwa habari zake, nikawa nampenda bila kumjua.

Mimi mwenyewe kipindi sikuwa nakisikia. Jumanne na Alhamisi nipo darasa la jioni, nasomea uuguzi. Denny anabaki nyumbani na binti yetu Josie, wa miaka mitatu. Siku ile mwalimu aliumwa, tukaachiwa mapema. Ndiyo maana nikasikia.

Sasa kuhusu ule mkono.

Kwenye mazoezi ya kiangazi Denny aligongwa vibaya, shingo ikakwenda upande. Akainuka, akacheka, akaendelea. Lakini tangu siku ile vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa na ganzi. Havishiki kifungo. Havifungui kopo la achari.

Nilimbembeleza aende kwa daktari wa timu.

"Daktari akijua, kocha anajua," akaniambia. "Kocha akijua, mji mzima unajua. Mama Josie, niapie hutasema."

Nikaapa. Mwingine aliyejua ni baba yake, Mzee Emil, kwa sababu alimwona anahangaika na lile kopo. Naye akaapishwa.

Nilikuwa naogopa kila siku. Darasani tumefundishwa, ganzi ya mkono inayotokea shingoni si ya kuchezea. Pigo lingine pale pale, na mkono unaweza usirudi tena. Huenda na zaidi ya mkono.

Na sasa Ray ameyatangaza hewani. Mnadhani timu pinzani hawasikilizi redio? Jumamosi tunacheza na majirani zetu wa Tolliver, watu wasio na huruma. Wakijua wapi pabovu, ndipo watakapogonga.

Kwa hiyo sikuwa namtafuta Ray kwa umbea. Nilikuwa namtafuta kabla hajamuua mume wangu.

Nikafika nyumbani. Denny anamlisha Josie supu ya nyanya.

"Mbona mapema?"

"Umesikia redio?"

"Mimi na redio wapi na wapi." Hakugeuka.

"Kuna mtu anaitwa Ray. Amesema habari ya vifungo."

Kijiko kikasimama hewani. Josie akabaki kinywa wazi kama kinda.

"Watu wanasema mengi," akajibu.

"Denny, hayo hayajui mtu. Nitamtafuta. Haki ya Mungu nitamtoa hadharani."

"Usimtafute mtu," akasema polepole. "Achana naye."

Nikaona anavyoumia. Nikasema moyoni, maskini mume wangu, hata hasira hana tena.

Usiku ule sikupata usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako... Sasa nguo ipi?

Wa kwanza kumshuku alikuwa Darlene, jirani na besti yangu. Funguo zetu anazo. Hukaa nami jukwaani kila mechi. Na mume wake ana sauti nzito.

Nikamkuta Jumatano dukani anachagua vitunguu.

"Darlene, mumeo hupiga simu redioni?"

"Gary? Gary hata mama yake hampigii."

"Nakuuliza serious."

Akaweka kitunguu chini. "Corinne, unanishuku mimi?"

Nikaangalia vitunguu.

"Sawa," akasema. "Nilikaa na mtoto wako alipokuwa na homa. Lakini sawa." Akasukuma toroli lake akaondoka, vitunguu kaviacha.

Alhamisi sikuingia darasani. Nilikaa ndani ya gari nje ya chuo, redio juu, nikimsubiri Ray kama paka anavyosubiri tundu.

Saa kumi na mbili na ushei, huyo.

"Buzz, ni Ray. Nimerudi. Hamjanisikia Jumanne?"

"Tumekusikia, kaka. Simu zimejaa. Wengine wanasema wewe ni jasusi wa Tolliver."

"Mimi ni wa hapa hapa. Nasema mwondoeni. Mpira haubembelezwi."

Nikakaa wima kitini.

Mpira haubembelezwi. Mtu anayesema hivyo Brannock nzima ni mmoja tu. Mzee Emil. Baba mkwe wangu. Ndilo neno alilomlea nalo Denny tangu akiwa mdogo, uwanjani, mezani, kila mahali.

Halafu vitu vikaanza kujipanga. Ile siri alikuwa nayo. Na kila Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa anajifungia gereji, hataki mtu. Mama mkwe alishawahi kulalamika kwamba mzee siku hizi anaongea peke yake na bisibisi.

Baba mzazi! Anamchoma mwanawe kwa jina la bandia!

Kwake si mbali na chuo. Niliendesha sijui hata taa zilikuwa rangi gani. Nikapita uani moja kwa moja hadi gereji. Mlango umefungwa. Ndani nasikia sauti yake, ameikwaruza, si ya kawaida.

"Buzz, nisikilize bwana..."

Nikapiga teke ule mlango. Komeo lilikuwa bovu, ukafunguka.

Mzee Emil alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kazi, simu imelazwa katikati ya misumari, imewekwa sauti ya nje. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, macho yananisihi.

Nikafungua kinywa nimtukane.

Hapo simu ikaongea.

"Wasikilizaji, leo tumepata bahati," alisema Buzz. "Ray wa Mtaa wa Reli na Stan wa Ng'ambo ya Mto, wote wawili hewani. Stan, mjibu Ray."

Mzee Emil akainama kwenye simu. "Ray, wewe huna shukrani," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Kijana amewapeleka fainali, leo mnamtupa kama ganda?"

Nikashika ukuta.

Baba mkwe wangu ndiye Stan.

"Stan, mzee wangu," sauti ya Ray ikajibu kutoka kwenye simu. "Wewe unampenda. Nakuheshimu. Lakini unayempenda hawezi tena. Huoni?"

"Anaweza. Anahitaji tu watu wamwamini."

"Ameaminiwa mpaka amechoka."

"Wewe umejuaje amechoka?"

Kimya. Ray alikuwa anapumua tu.

Na kwenye kile kimya, nyuma kabisa ya sauti yake, tukasikia kitoto kinaita kwa nguvu zake zote:

"Baba! Nimemaliza! Njoo unitawaze!"

Mji mzima ulisikia. Buzz akaanza kucheka kama mwehu. "Ray, kaka, kazi inakuita!"

Mimi na Mzee Emil hatukucheka.

Ile sauti ningeitambua hata katikati ya dhoruba. Ilikuwa ya Josie.

Mzee akaniangalia. Nikamwangalia. Akashika ukingo wa meza, akaacha ile mikwaruzo, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Denny?"

"...Baba?"

Buzz aliacha kucheka. Namshukuru mpaka leo. Alitia tangazo la matairi hewani, lakini hakukata simu zao.

"Ni wewe Stan?" Denny akauliza. Naye sasa alikuwa ameacha ile mikwaruzo, anaongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Ni mimi. Na wewe ndiye unayejitukana kila wiki?"

"Baba, siwezi kurusha. Vidole sivisikii. Usiku shingo inawaka moto."

"Sasa si ungesema?"

"Kwa nani? Nikiondoka mwenyewe nimekimbia. Umenifundisha mwenyewe, Hudak hakimbii. Lakini mashabiki wakinikataa, kocha akinitoa, hapo ni mpira tu. Hakuna wa kunilaumu." Akavuta pumzi. "Nilidhani kucheza ndicho unachokitaka wewe."

Mzee Emil alifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akajipaka weusi shavu zima.

"Mimi nilidhani ndicho unachokitaka wewe," akasema. "Niliona wanakusema, nikaogopa ukitolewa utavunjika. Nikasema nitafute namna ya kukushika mkono bila kukuaibisha."

"Baba..." Josie alisikika tena huko nyuma. "Bado nipo hapa."

"Nakuja, mama. Nakuja."

Mimi machozi yananitoka, na kicheko kinanitoka. Nikasogea kwenye simu.

"Denny, mtawaze mtoto."

"Corinne? Wewe si uko darasani?"

"Tutaongea nyumbani."

Tangazo likaisha. Buzz akarudi hewani, safari hii taratibu.

"Stan. Bado upo? Neno la mwisho, kisha tunafunga mjadala. Hudak abaki au atoke?"

Mzee alinyoosha mgongo. Mtu huyu msimu mzima alikuwa amepigana na mji kwa ajili ya jibu moja.

"Mimi siitwi Stan," akasema. "Naitwa Emil Hudak. Denny ni mwanangu, na ameumia. Nawaomba mumpumzishe."

Akakata simu. Akakaa juu ya ndoo.

Nikamkumbatia na grisi yake yote.

Kesho yake kocha mwenyewe alikuja kubisha hodi, kabla hatujapiga simu kokote. Denny akapelekwa kwa daktari wa shingo. Kipimo kilionyesha neva imebanwa na mfupa. Daktari alituangalia sisi watatu, akasema, "Jumamosi angecheza?" Mzee Emil aliinamisha kichwa. Daktari akaandika tarehe ya upasuaji.

Denny amefanyiwa upasuaji. Kidole kimoja kimeanza kurudi. Cha pili bado, tunaomba Mungu. Kurusha mpira, hilo limekwisha, na siku alipoambiwa alilia, kisha akalala usingizi ambao sikuuona tangu kiangazi.

Kwa Darlene nilikwenda na vitunguu mfuko mzima. Alinisimamisha mlangoni muda wa kutosha kuniadhibu, kisha akasema, "Ingia, mpelelezi."

Na mashabiki? Pruitt alipoteza mechi yake ya kwanza. Jumanne yake mtu akapiga simu kwa Buzz: "Huyu dogo bure kabisa. Bora hata Hudak mbovu." Denny alicheka hadi akashika shingo.

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi nilitafuta msaliti kwa besti yangu, nikamtafuta kwa mkwe wangu. Nilimshuku kila mtu aliyetupenda. Kumbe ndani ya familia moja, baba na mwana waligombana hewani msimu mzima, kila mmoja akijaribu kumwokoa mwenzake, kwa sababu mezani hawakuweza kusema neno moja dogo: naogopa.

Kama kuna mtu nyumbani kwako siku hizi anajificha, anajibu kwa mkato, anakupa mgongo ukimwuliza... usianze kwa kumtafuta mchawi. Kaa naye chini, umwulize anaogopa nini. Halafu unyamaze, umwache ajibu.