Jasusi wa Kabatini

Maoni ya kwanza yalitoka kwa Mkosoaji, na hapo ndipo Mtunzi alipopaswa kushtuka, maana Mkosoaji tangu azaliwe hajasifu kitu bila kukitia dosari. Safari hii alisema, "Dada, hongera. Na huyo anayekohoa nyuma yako ana kikohozi cha kweli kabisa. Usimwondoe."

Mtunzi akacheka. Hakukuwa na mtu wa kukohoa. Riwaya yake fupi ya ujasusi aliisoma mwenyewe kwa sauti, sehemu kwa sehemu, akawatumia wasomaji wake kwenye kundi lao la simu. Ili makelele ya mtaani yasiingie, alijifungia ndani ya kabati la nguo, magoti kidevuni, katikati ya makoti. Mle hata nzi angekosa pa kutua.

Hadithi yenyewe ilimhusu jasusi fukara aliyekodi jini asimame nyuma ya mapazia ya wakubwa na kumletea siri zao. Maneno ya kumwita jini Mtunzi hakuyabuni. Aliyasikia utotoni kwa mjomba wake, mganga, ambaye akishaita alikuwa lazima aage, jini aende zake, kabla hajainuka, hata nyumba ingekuwa inaungua. Lakini Mtunzi naye alikuwa na mazoea yake: kukata sehemu pale penye moto, wasomaji wabaki roho juu. Basi aliita, akazima simu. Maneno ya kuaga akayaweka akiba ya sehemu ijayo.

Wasomaji walipagawa. Mtunzi alishinda jikoni akisoma sifa zake, meno nje, chai ikipoa. Kisha nesi mmoja akaandika, "Mwenzangu, ile sauti uliyonitumia peke yangu umeirekodi vipi? Imenitaja jina. Na mbona chumba changu kinanuka kiberiti kilichozimwa?" Fundi viatu akadakia kwamba hata yeye kaletewa, tena sauti ilimwomba aijibu, akaona aibu kuongea na simu.

Halafu yakaja maoni ya mama mmoja wa makamo, msomaji wa siku nyingi: "Jini wako kaniliza. Kanisimulia kuwa binti yako Kidosho hulala amekumbatia koti la marehemu baba yake. Maskini mtoto."

Mtunzi hakuwa amemwambia mtu habari za koti. Akasimama, na kutoka chumbani, kule kwenye kabati ambalo alikuwa amelifunga kwa mkono wake mwenyewe, akasikia viango vya nguo vikigongana polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepekua makoti akitafuta lake, na harufu ya kiberiti ikaja hadi jikoni ikamkaa kooni.

Akampigia mjomba.

"Uliaga?" mjomba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliacha kidogo, mjomba. Ili wangoje."

"Mwanangu! Umemwita ukamwacha kizingitini, na kazi umempa mwenyewe, ya kubeba siri za watu. Sasa anatafuta bwana. Atakayemjibu, huyo ndiye wake."

"Nifanye nini?"

"Aga kwa mdomo uleule, mahali palepale. Na kila aliyesikia wito asikie pia maneno ya kuaga mpaka mwisho. Asibaki hata mmoja."

Akaingia kabatini. Giza lilikuwa lilelile, ila makoti yalikuwa na joto, na alipokunja magoti alihisi goti jingine likiegemea lake, gumu, tulivu, nalo halikusogea muda wote aliosoma, hata alipofika neno la mwisho na kulitamka na kusikia mtu akivuta pumzi karibu kabisa na sikio lake. Akatoka kwa kutambaa. Akatuma.

Wakasikiliza. Nesi akasema harufu imekwisha. Fundi viatu akasema simu imetulia. Mwisho akaja Mkosoaji: "Sehemu hii imepwaya. Hata yule wa kikohozi hayupo." Mtunzi akaibusu simu. Katika maisha yake hakuwahi kufurahia kukosolewa namna ile.

Ndipo akakumbuka nani husikiliza kila sehemu kabla ya kundi zima, na safari hii alikuwa bado.

Kidosho alikuwa chumbani kwake, kakaa kitandani, koti la baba yake mapajani. Madirisha yalikuwa wazi na jua limejaa, lakini chumba kilinuka kiberiti.

"Mwanangu, sikiliza hii. Yote."

"Sitaki, mama."

"Kuna mtu aliongea na wewe? Ulimjibu?"

Binti akaangalia chini. "Alianza kwa kukohoa tu. Nikamjua."

Mtunzi akaibonyeza simu. Sauti yake mwenyewe ikaanza kuaga, na Kidosho akapiga ukelele, akalikumbatia koti kwa nguvu zote. "Mama, zima! Unamfukuza baba!"

Mtunzi alijua si yeye. Alimzika mumewe, alijua. Lakini ndani ya lile koti mtu akakohoa, kikohozi kile kikavu cha asubuhi alichoamshwa nacho miaka yote ya ndoa yake, kisha sauti ikamwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, ikamwomba amwache akae kidogo tu.

Yalikuwa yamebaki maneno machache. Mtunzi akazima simu.