Gauni Kwenye Kiti cha Kati

Mwanamke huyu ni mama mkubwa wa jirani yangu, na kama ungemwona kabla ya safari ile usingedhani kuna kitu cha kumtisha chini ya jua. Alikuwa fundi cherehani, mnene, mcheshi, mkali kwa wateja wanaochelewa kufuata nguo zao. Mtaani walimwita Fundi Pindo. Kila gauni la mtoto aliloshona alilikunjia pindo pana kwa ndani, ili mtoto akirefuka mama yake afumue, nguo iteremke, maisha yaendelee. Watu walimtania kwamba gauni lake humpokea mtoto kitandani na kumfikisha shuleni.

Alikuwa na desturi nyingine. Nguo ikikamilika aliitandika kwenye kiti cha plastiki kando ya cherehani, akaipigapiga kwa kiganja na kusema, "Mwenyewe aje avae." Bila hivyo nguo haikutoka dukani. Mama yake alikuwa akifanya hivyo hivyo, na yeye hakuwahi kuuliza maana yake. Ulikuwa mkono tu unajiendea wenyewe, kama kukata uzi kwa meno.

Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, nchi ya baridi, safari ya kutwa na usiku angani. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Sasa ya tatu imeshika, imekaribia, naye anamtaka mama yake awepo. Fundi alilitoa kabatini gauni la harusi ya binti, akalikata bila huruma, akashona gauni la kichanga, jeupe, mikono ya puto, pindo pana kuliko yote aliyowahi kukunja. Vikabaki vifungo tu.

Siku moja asubuhi akaenda kwa dada wa tiketi, kiofisi chembamba chenye feni ya mezani na picha za ndege zilizopauka. Dada alikuwa anatafuna bazoka huku anabonyeza kompyuta.

"Hii hapa mama ndiyo aliyoisema binti yako. Ina jina. Inafika kwa wakati, chakula chake kinaeleweka."

"Na magoti?"

"Magoti gani?"

"Haya yangu! Nitayaweka wapi? Shoga yangu alipanda hiyo hiyo, akashuka miguu imevimba kama mito. Wiki nzima anavaa ndala."

Dada akacheka. Akamwonyesha nyingine, viti vyake vina nafasi, ila unashinda uwanja wa ndege wa watu ukisubiri kuunganisha. Fundi akasema yeye si mzigo wa kulazwa kwenye benchi. Ya tatu ilikuwa na sifa ya kupeleka sanduku kwingine na mwenye sanduku kwingine. Fundi akaguna, akainamia kompyuta.

"Na hiyo ya chini kabisa?"

Dada wa tiketi akaacha kutafuna.

"Hiyo siipendekezagi."

"Ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ndege nzuri, inaenda moja kwa moja. Nitakupa dirishani." Akasita. "Ila mstari huo, kiti cha kati hakiuzwi."

"Yaani pembeni yangu hakuna mtu?"

"Hakiuzwi, mama. Na usikiwekee kitu. Hata shali. Wanaouza tumeambiwa tuseme hivyo, zaidi ya hapo sijui."

Fundi Pindo alishaacha kusikiliza. Alikuwa anajiona amenyoosha miguu kama yuko kwenye kochi lake. Akampigia binti hapo hapo.

"Mama, chukua ile niliyokwambia. Ile ina jina."

"Jina nitalikalia?" akajibu mama, wote watatu wakacheka.

Ndege iliondoka mchana, jua kali. Ilikuwa safi, na nafasi ya magoti ilikuwepo kweli. Kiti cha kati kilikuwa kitupu, lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa, umelegezwa kwa saizi ya mtu mzima. Mwanamume mwenye kiti cha kando ya njia alikuja, akatazama namba, akautazama ule mkanda. Akamwinamia mhudumu na kumnong'oneza jambo. Hakurudi tena.

Baada ya chakula wahudumu walishusha vizuizi vya madirisha. Nje kulikuwa bado kweupe, ndani kukawa giza la kutengenezwa. Fundi akawasha kitaa chake, akatoa gauni, akaanza kushona vifungo kwa mkono. Kazi ilimtuliza. Alipiga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno, akalinyanyua kwenye mwanga. Likapendeza mpaka machozi yakamlenga.

Akalitandika kwenye kiti cha kati. Akalipigapiga kwa kiganja.

"Mwenyewe aje avae."

Maneno yalishatoka ndipo akakumbuka. Akajicheka kimoyomoyo. Akanyoosha mkono alichukue.

Gauni halikuja.

Akavuta tena. Lilikuwa limekamatwa na kitu, taratibu, kama mteja anayeng'ang'ania kitambaa dukani. Kisha kifua cha gauni kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

Mkono mmoja wa puto ukajaa, halafu wa pili. Mkanda ukaanza kujikaza wenyewe, polepole, mpaka ukalibana gauni tumboni. Fundi alisikia chuma kikilia, kha. Akabonyeza kitufe cha kuitia mhudumu, akakibonyeza, akakibonyeza.

Mhudumu alikuja na tabasamu. Alipoona gauni, tabasamu likaisha.

"Umekiambia nini?" akanong'ona.

"Nimesema... mwenyewe aje avae."

Mhudumu akafumba macho. Hakumpa pole. Alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeingia na viatu vya matope nyumba ya wenyewe.

"Basi ameshavaa. Liache hapo hapo. Ukishuka, shuka bila hilo. Ukilitoa, atakufuata nalo."

"Ni la mjukuu wangu."

"Si lake tena, mama."

Akamzimia taa, akaondoka.

Fundi alikaa gizani amejibanza dirishani, roho juu juu, akisikiliza pumzi ndogo pembeni yake. Hakumbuki kama magoti yake yalikuwa na nafasi. Ndege ilipogusa chini na taa zote kuwaka, akageuka. Gauni lilikuwa limelala bapa, jeupe, halina neno. Mkanda umelegea.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna wa kumsingizia. Alipaswa kusimama na kwenda zake. Lakini lilikuwa gauni la harusi ya binti yake, amelikata mwenyewe. Afike na nini, mikono mitupu? Aseme nini, kwamba kaliacha kwa kiti? Watu walikuwa wanasukumana kushuka, mchana mweupe, uoga ukaonekana upuuzi. Akalinyakua, akalisokomeza kwenye mkoba. Lilikuwa zito kidogo kuliko alivyolitoa.

Binti alijifungua salama. Mtoto wa kike, mzito, mwenye kilio cha kuamsha wodi nzima. Fundi alimbeba akalia kwa furaha hadi mkwe wake akamtafutia kiti. Gauni alikuwa amelificha chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu. Binti alipouliza zawadi, akasema imesahaulika nyumbani. Akapanga kulitupa.

Akachelewa kulitupa. Siku moja alikuwa anaoga, binti akafungua sanduku kutafuta khanga ya kumbebea mtoto. Fundi alipotoka bafuni alikuta mtoto amevaa. Amelala katikati ya kitanda, mikono ya puto imejaa, mkwe anampiga picha.

"Mama, muongo wewe!" binti akasema, anacheka. "Ulitaka kunishtukiza. Hili si gauni langu la harusi hili?"

Fundi alimvua mtoto kwa haraka mpaka kifungo kimoja kikaruka. Tumboni pa kile kichanga palikuwa na alama nyekundu, pana, imekwenda kutoka ubavu hadi ubavu. Katikati pamechapwa pembe nne, kama chuma kilikandamizwa pale.

"Nini hiki?" binti akauliza.

Angesema hapo. Mdomo ulishafunguka. Akamtazama mwanawe, mimba mbili zimemtoka, uso umeng'aa kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaogopa kuchukiwa.

"Lastiki ya nepi," akasema. "Unambana sana mtoto."

Tangu siku ile mtoto hakulia tena. Alinyonya, alilala, na akiamka aligeuza macho upande mmoja tu, upande wa kitanda usio na mtu. Wakati mwingine alitabasamu huko. Alama haikufutika. Daktari alipima hiki na kile, akasema mtoto mzima. Asubuhi moja binti alimwinua amnyonyeshe, akamkuta wa baridi.

Sitaeleza kilio kile. Itoshe kwamba Fundi alisimama ukutani akikitazama, akijua alichokijua, na hakufungua mdomo. Binti aling'ang'ania mwanawe azikwe na gauni lile. "Ni kazi ya mkono wako, mama. Usimnyime." Binti mwenyewe alikishona kifungo kilichoruka, kwa uzi wa bluu, maana mweupe haukupatikana. Fundi aliona jeneza dogo likifungwa. Aliona udongo ukiingia.

Safari ya kurudi alikataa kata kata ndege ile. Mkwe akamkatia ile yenye jina. Fundi akaomba akae katikati ya watu, abanwe, hajali. Ndege ilijaa pomoni, watu wanagombania pa kuweka mikoba. Mlango ukafungwa. Kiti kimoja tu kikabaki wazi, cha pembeni yake. Mwenyewe hakutokea, mhudumu akasema, bahati yako mama, nyoosha miguu.

Fundi akashusha macho polepole. Mkanda wa kile kiti ulikuwa umefungwa. Umekazwa mpaka mwisho, saizi ya kichanga.

Alisafiri amefumba macho. Walipofika, alishuka wa kwanza, anasukuma watu. Mhudumu akamkimbilia ngazini.

"Mama! Umesahau nguo ya mtoto."

Lilikuwa gauni. Jeupe, safi, halina hata chembe ya udongo. Kifuani kulikuwa na joto. Kifungo kimoja kilikuwa na uzi wa bluu. Na pindo lake, lile pindo pana, lilikuwa limefumuliwa kwa ustadi na kuteremshwa kidogo, kama mama afanyavyo mtoto akianza kurefuka.

Alilichoma nyuma ya nyumba. Asubuhi lilikuwa kwenye kiti cha plastiki, linanuka moshi. Alilitupa mtoni, likarudi bichi. Mwishowe aliliacha pale kitini, akageuza cherehani ili alipe mgongo. Wateja walidhani ni la kuonyesha kazi, wakamsifu. Yeye aliona pindo linavyoteremka, mwezi kwa mwezi. Anakua, alijiambia. Popote alipo, anakua. Kuna siku wazo hilo lilimfariji, na siku hizo ndizo alizojiogopa zaidi.

Alikuwa mezani anakata kitambaa, adhuhuri, redio inaongea, simu ikalia.

"Mama, kaa chini," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Sikutaka kukwambia mapema. Nina mimba. Imekomaa, daktari ameniruhusu kusafiri. Safari hii najifungulia kwako. Sitaki tena huku."

Fundi alishika meza.

"Mwanangu. Unakuja na ndege gani?"

Binti akacheka. "Nimechagua kwa kichwa chako, mama. Hizi nyingine unabanwa mpaka tumbo linauma. Nikakumbuka ile uliyokuja nayo wewe. Moja kwa moja, dirishani, na pembeni yangu hakuna mtu. Niko uwanjani sasa hivi, wanatuita."

Aseme. Aseme sasa. Alipofungua mdomo simu ilikuwa imeshakatika. Akapiga. Akapiga tena. Haipatikani.

Nyuma yake kiti cha plastiki kililia, kama kinavyolia mtu akiinuka. Akageuka.

Gauni lilikuwa pale pale. Pindo lilikuwa limepandishwa lote, limeshonwa upya kwa uzi wa bluu, saizi ya kichanga.