Swala Aliyeinama Kunywa

Mtungi wa jikoni ulikuwa unapungua bila mtu kunywa. Mama aliufunika jioni ukiwa umejaa pomoni. Asubuhi maji yako nusu, kata kavu, na jiko zima linanuka manyoya yaliyolowa. Akadhani umepasuka. Akaupapasa kote, mtungi mzima.

Wanawe wawili, wawindaji wote kama marehemu baba yao, wakamcheka. Kaka mtu alicheka zaidi, kicheko cha mtu mwenye lake moyoni.

Maana huyu kaka mtu alikuwa na wivu, tena si wa kitoto. Baba aliwaachia bunduki moja ya kupokezana na sharti moja: mnyama aliyeinamia maji hapigwi. Unakohoa, anakusikia, anaondoka, ndipo unamfuata kwa miguu yako. Mdogo mtu, waliyemwita Kimya, alilishika sharti hilo hadi likaudhi. Atatembea wiki nzima, atarudi mikono mitupu na soli zimeisha, na bado mama atampangusa jasho na kusema, "Huyu ndiye mwindaji. Baba yake mtupu." Kaka mtu akileta nyama, anaambiwa aiweke jikoni.

Sasa nani asingeumia? Ndiyo maana juzi, alipomkuta swala ameinama bwawani, hakukohoa. Alimpiga palepale, damu ikaingia majini. Nyumbani akasema amemfuatilia tangu alfajiri, kavuka vilima viwili. Mama akamshika shavu. "Leo umenikumbusha baba yako," akamwambia. Kaka mtu alilala na maneno hayo kama mtoto na peremende. Windo ni windo, alijiambia. Mnyama akishakufa hajui alipigwa akiwa wapi.

Siku ya tatu mama akashikwa na kiu. Alikunywa kikombe, akanywa jagi, akanywa ndoo nzima mchana kweupe huku midomo inampasuka na ulimi unakauka, na kila alipomeza, chini ya kitanda chake kilisikika kitu kikilamba maji taratibu, kikimeza naye, kikipumzika naye, kisha kikingoja.

Kimya akaenda kumleta mganga, mama mmoja mnene asiye na mzaha. Alinusa mtungi, akanusa kitanda.

"Kuna jini wa maji humu," akanong'ona. "Maji anayomeza mama yenu, anayanywa yeye. Mmoja wenu amepiga kichwa kilichoinama. Aseme kwa kinywa chake, mbele ya mama, jini atatoka. Akinyamaza, mama hafiki jioni."

Kaka mtu akatazama sakafu. Akisema, shavu lile halitashikwa tena maisha yake yote. Asiposema, mama ndiye huyo anakauka mbele ya macho yake, na kule chini ya kitanda ulimi unalamba, unalamba, sasa kwa haraka, na harufu ya manyoya inapanda hadi inakaba koo, na bado kinywa chake kikakataa kufunguka.

Kimya alimtazama kaka yake. Akaelewa.

"Ni mimi, mama," akasema.

Mama akanyanyua mkono kwa shida, akampapasa kichwa. "Mwanangu. Angalau wewe hujui kuficha."

Hapo ndipo moyo wa kaka mtu ulipowaka. Hata kosa lake mwenyewe anaporwa, na mporaji anapapaswa kichwa.

"Mwongo huyo," akasema. "Ni mimi niliyempiga. Alikuwa anakunywa, na sikukohoa."

Kulamba kukakoma. Kitu chenye unyevu kikapita katikati ya miguu yao, kikatoka mlangoni. Mama akanywa kikombe kimoja, akashusha pumzi, kiu ikaisha.

"Ametoka," mganga akasema akifunga kifurushi chake. "Ila hajafika mbali."

Mama akanyoosha mikono yote miwili, kwa Kimya. "Ulikuwa tayari kubeba la kaka yako. Njoo ukae hapa." Yule mkubwa, mama hakumtupia hata jicho.

Kaka mtu alikuwa amesimama kizingitini. Amesema kweli, amemponya mama, na malipo yake ndiyo hayo. Midomo yake ikacheza kidogo tu.

"Rudi," akanong'ona.

Nyuma ya shingo yake pakawa baridi, pakalowa.

"Nimchukue yupi?" sauti ikauliza, kwa upole.

Kaka mtu hakukimbia. Alisimama palepale akiwatazama wote wawili, akifikiri.